Mbingu Iliyolazwa Ubavu

Tufe la nyota ni mpira wa plastiki wenye taa ndani yake. Nusu zake mbili hufungamana kiunoni, balbu ndogo hupachikwa katikati, mhimili hupita kutoka ncha moja hadi ya pili, na chombo chote hukalia kigingi chake. Mchana ni pambo la mezani tu. Usiku, chumba kikitiwa giza na balbu ikawashwa, mwanga hupenya penye rangi nyembamba na vitundu vidogo, na zile nyota ambazo mtu amezoea kuziona juu ya paa humtazama kutoka mezani. Tufe la namna hii huuzwa zaidi kwa ajili ya watoto, na kwa hiyo watu wazima hulipita bila ya kulijali. Hata hivyo, ndani ya mpira huo imekunjwa historia ya karne nyingi, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa kwa majina ambayo sikio la mtu wa pwani haliwezi kuyaona mageni.

Nyasubi ni kata ya mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaoelekea Geita. Iko takribani nyuzi 4 kusini mwa ikweta, mbali na bahari, katika nchi ya Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma. Tufe la nyota likifikishwa huko na kuwashwa, linaonyesha mbingu ya nani? Mtoto wa Nyasubi akitoka uani baada ya kulitazama, atakuta juu yake kile alichoonyeshwa? Jibu linategemea kidogo sana ubora wa balbu, na zaidi namna tufe linavyowekwa, kwa maana kila tufe limeumbwa na mtu aliyesimama mahali fulani.

Fikra ya kuzitia nyota katika tufe ni kongwe. Huko Napoli, nchini Italia, ipo sanamu ya marumaru ya karne ya 2, ijulikanayo kwa jina la Atlas wa Farnese, ya mtu aliyejitwika tufe la mbingu lililochongwa makundi ya nyota. Katika karne hiyohiyo, Ptolemaio wa Iskandaria, aliyekaa katika ardhi ya Afrika, alikusanya hesabu za nyota katika kitabu kimoja na kuzigawa katika makundi 48. Waandishi wa Kiislamu walikipokea kitabu hicho, wakakifasiri, kisha wakakisahihisha. Mkubwa wao katika elimu hii alikuwa Abdurrahman as-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha nyota zisizohama mwaka 964. As-Sufi alilichora kila kundi mara mbili: picha moja kama jicho linavyoliona kundi hilo mbinguni, na ya pili kama linavyoonekana juu ya tufe.

Picha hizo mbili hazifanani. Zinapingana kama uso na kioo. Anayeitazama mbingu yumo ndani yake, ilhali anayelitazama tufe yuko nje yake, mahali ambapo hakuna kiumbe aliyepata kusimama. Kilicho kulia kwa wa ndani huwa kushoto kwa wa nje. Mafundi wa leo hawajakubaliana juu ya jambo hilo. Wapo wanaochora makundi yakiwa yamegeuzwa, kwa kufuata desturi ya kale, na wapo wanaoyachora kama yanavyoonekana kutoka ardhini ili kumrahisishia mtoto. Kwa hiyo la kwanza la kuangalia tufe likitolewa katika sanduku lake ni hilo: limechorwa kwa jicho la nje au la ndani? Asiyelijua jibu atatafuta usiku kucha nyota zilizo upande mwingine.

Kuingiza taa kulikuja baadaye. Kati ya miaka ya 1650 na 1664, katika kasri la Gottorf kaskazini mwa Ujerumani, lilijengwa tufe lenye kipenyo cha kiasi cha mita tatu. Watu waliingia ndani yake, wakaketi, na kuziona nyota za dhahabu zikiwazunguka kwa mwanga wa taa. Mwaka 1913, mjini Chicago, lilitengenezwa tufe la bati lililotobolewa matundu 692. Watazamaji walikaa ndani gizani, na mwanga wa nje ukawa nyota. Miaka kumi baadaye, mwaka 1923, kampuni ya Zeiss ilionyesha mjini Munich mtambo wa kurusha nuru ya nyota katika kuba, nao ndio mzazi wa majumba ya nyota yaliyoenea duniani. Tufe dogo la mezani ni mjukuu wa kazi hizo zote, isipokuwa limerudi kwenye desturi ya kale ya kumweka mtazamaji nje.

Tufe la Gottorf halikubaki Ujerumani. Lilitolewa zawadi kwa Kaisari Petro Mkuu wa Urusi, likapelekwa St Petersburg, na limo mjini humo hadi leo, ingawa liliungua mwaka 1747 na kutengenezwa upya. Mji huohuo umehifadhi kitu kingine kiwahusucho watu wa pwani kwa karibu zaidi. Ni hati ya urjuza tatu za Ahmad bin Majid, nahodha na mshairi wa karne ya 15 kutoka Julfar, katika Ghuba. Moja kati yake ni as-Sufaliyya, shairi la safari ya kwenda Sofala, ambalo pamoja na wenzake wawili lilichapishwa mwaka 1957 na mtaalamu wa Kirusi, Theodor Shumovsky. Hadithi isemayo kwamba Bin Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 imekataliwa na wanahistoria wengi. Heshima yake haihitaji hadithi hiyo. Mashairi yake yanamtosha.

Hivyo mji mmoja wa baridi kali umekusanya njia mbili za kuihifadhi mbingu. Ya kwanza ni chuma, mbao na taa, na ya pili ni beti. Mtawala aliweza kujenga tufe la mita tatu, lakini nahodha hakuweza kulipakia chomboni. Alichoweza kukipakia ni shairi. Mizani na vina vilimshikia hesabu za nyota hata mvua ikilowesha karatasi na wimbi likazima taa. Wapenzi wa ushairi huzoea kuutafuta uzuri wa beti katika mapenzi, dini na hekima. Katika bahari hii ya Hindi beti ziliwahi pia kuwa chombo cha kazi kama nanga na bildi, na nahodha aliyesahau mstari aliweza kuikosa bandari.

Tofauti kubwa kati ya shairi la nahodha na tufe la mtawala ni mahali pa kusimama. Shairi la bahari limetungwa na mtu aliye ndani ya mbingu, juu ya sitaha, na kila hesabu yake inaanzia kwenye upeo wa macho yake. Chombo kikitoka Maskati kwa pepo za kaskazi, nyota ya Jaa huonekana nyuma yake, juu ya upeo kwa kiasi cha nyuzi 23 na nusu. Kila usiku huteremka. Manahodha waliupima mteremko huo kwa vidole, kidole kimoja kikiwa takribani nyuzi moja na sehemu sita za kumi, kwa kutumia ubao mdogo wenye uzi wa mafundo. Jaa ilipokuwa chini mno hata isitegemeke walihamia kwenye Farkadani, nyota mbili za jirani yake, kisha kwenye nyota za Naashi. Leo, mbele ya Mogadishu, Jaa inakaribia kulamba maji. Unguja haionekani kabisa. Upande wa pili Suheli imekwisha kupanda juu, na haikuwa ajabu kwamba jina la nyota hiyo likawa katika Kiswahili jina la kusini yenyewe.

Safari hiyo ndiyo elimu yote ya kuliweka tufe. Kwenda kusini ni kuulaza mhimili wa mbingu. Katika ncha ya kaskazini mhimili husimama wima. Maskati umeinama sana. Kwenye ikweta umelala ubavu kabisa. Nahodha aliijua hali hiyo kwa mwili wake, usiku baada ya usiku, bila ya kuliona tufe.

Elimu ya mbingu haikukoma ufukweni. Hata jina la Wanyamwezi, kwa maelezo yaliyozoeleka, lilitoka pwani. Hao ni watu wa upande wa mwezi, yaani magharibi, ambako hilali mpya huonekana baada ya jua kuchwa. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi, Kisumbwa na Kisukuma walishuka hadi Bagamoyo kwa maelfu wakibeba pembe, na kurejea na nguo, shanga na lugha. Waliondoka baada ya mavuno, na wengi walitaka kuwa nyumbani kabla ya msimu wa kupanda. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke, akifuatana na Sidi Mubarak Bombay, alitoka Tabora, iliyoitwa Kaze wakati huo, akapita nchi hiyo kuelekea kaskazini hadi akaliona ziwa karibu na Mwanza. Usiku alizipima nyota ili ajue yuko nyuzi ngapi kutoka ikweta. Wapagazi waliomzunguka hawakuhitaji kipimo hicho, kwa kuwa walikuwa kwao.

Basi tufe likifika Nyasubi, kazi ya kwanza ni kulitoa katika pozi la kiwandani. Vigingi vingi vimeiga tufe la ardhi, na mhimili wake umeinama nyuzi 23 na nusu kutoka wima. Mwinamo huo una maana kwa dunia inayolizunguka jua. Kwa mtu anayetaka kuiona mbingu yake hauna maana hiyo. Likiachwa vivyo hivyo, ncha ya kaskazini ikiwa juu, tufe litaonyesha mbingu ya mzingo wa Aktiki, katika nchi za theluji. Jaa itakuwa karibu na utosi, na nyota nyingi za kusini zitafichika chini daima. Mtoto wa Kahama atakuwa ameonyeshwa mbingu ya watu wengine, na akitoka nje asiione, atadhani kosa ni la macho yake.

Inafaa mhimili ulazwe. Uelekezwe kaskazini na kusini, karibu sambamba na meza, na ncha ya kusini iinuliwe nyuzi 4 tu. Kwa tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, ncha ya kusini itakuwa juu kuliko ya kaskazini kwa sentimita mbili, sawa na unene wa kitabu. Kisha pete ya karatasi ngumu izungushwe kiunoni mwa tufe, sawasawa na meza, nayo ndiyo upeo wa macho. Kilicho juu ya pete kimechomoza, na kilicho chini bado au kimekwisha kutua. Mstari wa kaskazini na kusini unapatikana kwa kijiti kilichosimamishwa wima uani, kwa kuwa kivuli chake kifupi kuliko vyote vya siku hulala juu yake. Lakini kabla kidogo ya katikati ya Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini Nyasubi na kivuli hicho hupotea chini ya kijiti. Siku hizo ni vyema mtu asubiri.

Saa nayo ina hila yake. Saa rasmi ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye nyuzi 45 za mashariki, na Kahama iko karibu na nyuzi 32 na nusu. Kwa hiyo saa ya ukutani hulitangulia jua la Nyasubi kwa kiasi cha dakika 50, na adhuhuri ya kweli huangukia karibu na saa saba kasoro dakika kumi. Unguja tofauti hiyo ni dakika 23 hivi. Nyota inayopita juu ya Unguja huchelewa takribani dakika 26 hadi kupita juu ya Nyasubi. Anayelizungusha tufe kwa kufuata saa lazima atoe dakika hizo. Hesabu ya Kiswahili, ianzayo usiku kwa kuchwa kwa jua, inasaidia hapa. Karibu na ikweta magharibi haibadiliki sana mwaka mzima, na tufe linaweza kuanzishwa nayo kila siku. Kinachobadilika ni nyota. Kila nyota huchomoza mapema kwa dakika nne kila siku, sawa na saa mbili kwa mwezi.

Tufe likizungushwa hivyo, Nyasubi hudhihirika kuwa mahali pa neema. Nyota hupanda wima kutoka mashariki na kushuka wima magharibi. Zile tatu za mshipi wa Jabari hupita karibu na utosi. Jioni za Mei, Msalaba wa Kusini husimama upande mmoja na Naashi upande wa pili, na mtu huziona zote bila ya kuhama. Mkaazi wa London hazioni nyota za Msalaba maisha yake yote akiwa kwao. Mkaazi wa Nyasubi, kwa mwaka mmoja, huliona karibu tufe zima. Kinachompunguzia ni mwanga, kwa kuwa taa za mji uliokua kwa dhahabu huzififisha nyota ndogo, na katika miaka ya 2009 hadi 2021 mgodi wa Buzwagi ulikuwa ukizalisha dhahabu karibu na mji.

Katika tufe hilohilo, begani mwa kundi la Ng'ombe, kuna kishada kidogo cha nyota. Kwenye matufe mengi kimeandikwa jina la Kigiriki, Pleiades. Waarabu walikiita Thuraya, neno lililokuja pwani likawa thurea, taa ya matawi mengi inayoning'inizwa darini. Kiswahili kina jina jingine, kilimia, litokanalo na kulima. Mzizi huohuo umo katika isiLimela ya Kizulu na selemela ya Kisotho, ishara kwamba wakulima wa Kibantu waliifanya nyota hiyo kuwa kalenda ya jembe katika nchi zilizo mbali mbali. Methali ya pwani inafunga kuzama na kuzuka kwa kilimia na zamu za mvua na jua, na tufe linaweza kuithibitisha sehemu yake mezani. Kilimia huzama katika mwanga wa jioni mwishoni mwa Aprili na Mei, wakati wa masika, na huzuka alfajiri mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Nyasubi, kilimia huchomoza jioni ifikapo Novemba, ndipo mvua za kupandia zinapoanza.

Pwani ilikuwa pia na mwaka wa Nairuzi, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi na kutumiwa na wakulima na mabaharia. Mwaka huo una siku 365 kamili, na kwa kukosa siku ya nyongeza hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Kilimia hakina deni hilo. Mwenye miongo na kilimia kwa pamoja alikuwa na hesabu na msahihishaji wake.

Ukiyasoma majina mengine ya tufe, utamkuta jirani. Aldebaran ni yule anayefuata, kwa kuwa huifuata Thuraya. Deneb ni mkia. Fomalhaut ni kinywa cha samaki, neno lilelile la hutu katika buruji za Waswahili. Altair ni tai arukaye. Betelgeuse ni mkono wa Jauza, ulioharibika jina baada ya mnakili wa Ulaya kukosea nukta moja ya herufi. Lakini kuelekea ncha ya kusini sauti hubadilika. Mabaharia wa Kiholanzi, Keyser na de Houtman, walizipima nyota za huko katika safari ya 1595 hadi 1597, Keyser akifanya sehemu ya kazi yake Madagaska, na yakatokea makundi 12 mapya. Mfaransa Lacaille, akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752, aliongeza 14, mengi yakiwa vyombo vya kazi: darubini, saa, pampu ya hewa. Mwaka 1922 Umoja wa Kimataifa wa Wanajimu uliikubali orodha ya makundi 88. Mbingu ya kusini, iliyoonekana kila usiku na watu wa kusini tangu watu walipokuwapo, iliingia tufeni kwa majina ya wageni waliopita.

Jambo hilo limeanza kurekebishwa kidogo. Mwaka 2017 Umoja huo uliidhinisha Xamidimura, jina la Kikhoikhoi lenye maana ya macho ya simba, kwa nyota moja ya Akarabu. Mwaka 2019 Tanzania ilipewa nafasi ya kuita nyota moja katika kundi la Nyangumi, ikaiita Mpingo, na sayari yake ikaitwa Tanzanite. Kiswahili kimepanda mbinguni rasmi. Hata hivyo nyota ya Mpingo ni hafifu mno kwa jicho tupu, na hakuna tufe la mezani litakaloiwasha. Kilimia, kinachoonekana na kila mkulima wa Nyasubi kila Novemba, bado kimeandikwa kwa jina la Kigiriki.

Hakuna anayehitaji idhini ya Umoja wowote kulibadilisha hilo. Mwalimu atakayelaza mhimili, akainua ncha ya kusini sentimita mbili, akapunguza dakika 50 za saa, anaweza pia kuchukua kalamu ya wino mweusi na kuandika kwenye bega la Ng'ombe neno moja la silabi nne. Taa ikiwashwa, litasomeka.